Msimamizi wa Majengo na Maisha Yake Nje ya Kazi

Katika maswali ambayo mtu hujiuliza baada ya kupata elimu na kazi, moja ni zito kuliko mengine, nalo ni hili: Mimi ni nani kazi yangu inapokwisha jioni? Mkulima wa zamani hakuwa na haja ya kuuliza. Shamba lake lilikuwa karibu na mlango wake. Watu aliolima nao ndio aliokula nao, ndio waliomposea mke, na ndio waliomchimbia kaburi. Kazi na maisha vilikuwa kama maji na unga katika uji. Mfanyakazi wa leo yu katika hali nyingine. Huondoka kwake alfajiri, huitwa kwa cheo mchana kutwa, na hurudi usiku kwa watu wanaomwita baba, au kaka, au mjomba. Ana majina mawili, na kila jina lina sheria zake. Hapana budi ajiulize kama watu hawa wawili ni mmoja, na kama si mmoja, yupi kati yao amtawale mwenziwe.

Nataka kulitazama swali hili katika kazi moja tu, kazi ya kusimamia miradi ya majengo ya biashara. Nimeichagua kwa sababu mbili. Kwanza, matunda yake huonekana kwa macho. Kosa la mwalimu laweza kufichika miaka 20, na kosa la mwandishi laweza kufichika milele. Lakini jengo husimama au huanguka, na linapoanguka halichagui wa kumwangukia. Pili, ni kazi ambayo vijana wetu wa Pwani wanaitazama kwa tamaa, kwa kuwa Dar es Salaam inajengwa mbele ya macho yao, na kila ghorofa inayopanda yawaita.

Chukua mfano wa kijana wa Kurui. Kurui ni kata ya wilaya ya Kisarawe, katika mkoa wa Pwani. Ni nchi ya Wazaramo, nchi ya mihogo, mikorosho na minazi. Jiji li ng'ambo ya vilima vya Pugu, si mbali hata likasahauliwa, wala si karibu hata likazoewa. Tangu zamani jiji limekula kutoka Kisarawe: limekula mihogo yake, korosho zake, kuni na mkaa wa misitu yake, na limekula watu wake. Kijana huyo husoma, akafaulu, akaingia chuo, akajifunza ukadiriaji wa majenzi au uhandisi. Baada ya miaka kadhaa ya kushika vitabu vya hesabu na kusimama juani, huitwa msimamizi wa mradi. Huyo ndiye nitakayemfuata katika insha hii. Sikumpa jina, kwa sababu si mtu mmoja, ni wengi.

Yafaa tuijue kazi yake kabla ya kuihukumu. Msimamizi wa mradi si mwenye mali, wala si msanifu wa majengo, wala si mhandisi, wala si mkandarasi, ingawa husema na wote hao kila siku. Mwenye mali ana kiwanja na ana fedha, au ana ahadi ya fedha kutoka benki. Msanifu ana michoro. Mhandisi ana hesabu za nguzo na mihimili. Mkadiriaji ana orodha ya vifaa na bei zake. Mkandarasi ana mafundi, vibarua na mitambo. Serikali ina kibali. Kila mmoja ana sehemu yake, na hapana mmoja aliye na jambo zima mkononi. Msimamizi ndiye ambaye jambo zima limewekwa mbele yake. Hutakiwa ahakikishe kuwa jengo litakamilika kwa wakati, kwa gharama iliyokubaliwa, na kwa ubora uliokusudiwa. Ana mabwana watatu basi: wakati, fedha na ubora, na mabwana hawa hawapatani.

Kutopatana kwao kwaonekana vizuri katika zege. Zege likimwagwa leo halipati nguvu yake leo. Kwa desturi ya kazi hii vipande vya mfano huwekwa kando, vikavunjwa katika maabara baada ya siku 7, na vingine baada ya siku 28, ili ijulikane kama nguvu iliyoandikwa katika michoro imepatikana kweli. Hapana amri, wala hongo, wala maombi, yanayoweza kulifanya zege dhaifu kuwa imara. Lakini riba ya benki haihesabu siku 28. Huhesabu kila siku. Mpangaji aliyelipa pango la mbele ataka kufungua duka lake kabla ya sikukuu. Hapo ndipo msimamizi husimama, kati ya kitu kisichoweza kuharakishwa na watu wasiotaka kungoja. Elimu yake yote ni kujua jinsi ya kusimama mahali hapo. Na uadilifu wake wote ni kukubali kusimama.

Sasa tulirudie swali. Je, maisha yake nje ya kazi yahusiana nini na kusimama huko?

Wako wasemao kuwa hayahusiani. Kazi, wasema, ni vazi. Mtu hulivaa asubuhi akalivua jioni. Akiwa kazini asimjue ndugu wala rafiki; akiwa nyumbani asizijue nguzo wala nondo. Wenye maoni haya wana hoja ambayo si ya kudharauliwa. Undugu ukiingia katika kazi ya ujenzi huiharibu. Msimamizi akimpa binamu yake zabuni ya kokoto kwa sababu ni binamu, na kokoto zikawa zimejaa udongo, nguzo haitauheshimu ujamaa wao. Akimhurumia fundi aliyechelewa kufunga nondo, akamruhusu amwage zege kabla ya ukaguzi, huruma yake itakuwa ukatili kwa watu asiowajua. Kwa hiyo ni kweli kuwa kuna mlango kati ya kazi na nyumba, na ni vema mlango huo uwe na komeo.

Wako wengine wasemao kinyume: kazi ndiyo mtu mwenyewe. Mtu hupimwa kwa alichokijenga, wala hapana haja ya kumtafuta mahali pengine. Kijana wa namna hii hulala na simu masikioni, hula akiwa njiani, hujua tarehe ya kumwaga zege la kila ghorofa na hajui tarehe ambayo mtoto wake alianza kutembea. Watu humsifu. Wakuu wake humwona kuwa ni mtu wa kutegemewa. Naye hujiona kuwa amejitoa sadaka kwa jambo kubwa, na huenda ni kweli.

Maoni haya mawili yaonekana kuwa maadui, lakini yana kosa moja. Yote mawili hudhani kuwa nguvu ya kufanya kazi vizuri hutoka ndani ya kazi yenyewe. Mimi nasadiki kuwa sehemu iliyo kubwa ya nguvu hiyo hutoka nje, na kwamba mtu asiye na maisha nje ya kazi hawezi kuaminiwa na kazi kubwa. Nitajaribu kuonyesha sababu.

Tarehe 29 Machi 2013, siku ya Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa nyingi lililokuwa likijengwa katikati ya Dar es Salaam, katika mtaa wa Indira Gandhi, lilianguka asubuhi. Watu 36 walikufa. Kifusi hakikuwafikia watu wa kazi peke yao. Kiliwafikia na watu wa jirani. Habari zilizoandikwa wakati ule zilisema kuwa ghorofa zilizojengwa zilizidi zile zilizoruhusiwa. Mwezi uliofuata, tarehe 24 Aprili 2013, huko Savar karibu na Dhaka, nchi ya Bangladesh, liliporomoka jengo la Rana Plaza, lenye maduka, benki na viwanda vya kushona nguo. Watu zaidi ya 1,100 walikufa. Siku moja kabla, nyufa zilionekana katika jengo hilo, na mhandisi aliyeitwa alisema kuwa si mahali pa kukaa watu. Benki iliwaondoa wafanyakazi wake. Washonaji waliambiwa warudi kazini asubuhi yake, wakarudi. Tena tarehe 16 Novemba 2024 jengo la maduka la Kariakoo, Dar es Salaam, lilianguka asubuhi wakati wa biashara. Waokoaji walichimba siku kadhaa, na waliokufa walizidi 20.

Misiba hii ina sababu zake za kiufundi, na kuzieleza ni kazi ya wahandisi na tume. Lakini iko sababu ambayo haipimwi katika maabara. Jengo kubwa haliwezi kuongezwa ghorofa usiku mmoja kwa siri. Nyufa za Rana Plaza zilionwa na watu wengi, na zilitajwa na mtu mwenye elimu ya kuzijua. Pasipo shaka katika majengo mengi yaliyopata kuanguka duniani alikuwako mtu mmoja au wawili waliojua, au waliokuwa na sababu ya kushuku, na neno lililotakiwa lilikuwa fupi: hapana. Neno hilo halikusemwa, au lilisemwa likapuuzwa na mwenye uwezo wa kupuuza. Kwa nini ni gumu hivyo? Si kwa kukosa elimu. Aliyesoma miaka minne ajua maana ya nguzo iliyochukua mzigo uliozidi kadiri yake. Ni gumu kwa sababu kulisema neno hilo kuna bei, na si kila mtu ana cha kulipia.

Tuitazame bei hiyo. Msimamizi anayemkataza mwenye mali kuongeza ghorofa aweza kufukuzwa kazi. Kama mshahara huo ndio kamba pekee inayomshika asianguke, atawezaje kuikata kwa mkono wake mwenyewe? Amekopa fedha za gari ili afanane na cheo chake; amepanga nyumba katika mtaa ambao pango lake lapandana na mshahara; rafiki zake wote ni watu wa kazi hiyo hiyo, nao watamkwepa siku atakapoachishwa. Jina lake limeandikwa katika kadi ya kazi na halikuandikwa mahali pengine. Mtu kama huyo akiambiwa achague kati ya zege na cheo, asilaumiwe kabla hatujaona kuwa alikwisha kuchagua miaka mingi nyuma, siku alipoacha kila kitu kingine kife. Uoga wake hauzaliwi siku ya jaribu, bali huwa umelelewa polepole katika kila Jumapili aliyoiuza.

Mfikirie sasa mwingine. Huyu ana shamba dogo la mikorosho Kurui, ambalo halimtajirishi. Ana nyumba ya kawaida aliyoijenga kwa zamu. Ana mke asiyemheshimu kwa ajili ya gari. Ana rafiki wawili au watatu waliomjua kabla hajawa na cheo, ambao wakimwona barazani humwita kwa jina la utotoni. Ana jambo alipendalo lisilompa fedha, pengine ngoma, pengine mashairi, pengine kufundisha watoto hesabu wakati wa likizo. Mtu huyu naye akifukuzwa kazi ataumia. Njaa haina falsafa. Lakini hatakuwa amekwisha. Anapo pa kurudi. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Na mwenye ngama yake haogopi sana kutelezeshwa na tezi. Anaweza kusema hapana kwa sababu nafsi yake haikuwekwa yote katika kapu moja. Maisha nje ya kazi, ambayo watu huyaona kuwa starehe au mapumziko tu, kumbe ndiyo akiba inayolipia ukweli.

Najua liko pingamizi, nalo ni la haki. Mtu atasema: Hao jamaa wa Kurui unaowasifu ndio hao hao wanaomfanya msimamizi asikatae. Harusi yataka mchango. Matanga yataka mchango. Mpwa ataka karo. Shangazi ataka bati za kuezekea. Kila simu kutoka kijijini ni hesabu. Msimamizi anayepokea hongo ya mkandarasi mara nyingi haipokei kwa ajili ya anasa, huipokea kwa ajili ya watu. Je, si afadhali angekuwa hana watu?

Siwezi kulijibu pingamizi hili kwa kusema kuwa si kweli. Ni kweli, na limewaangusha wengi waliokuwa na nia njema. Lakini tutofautishe mambo mawili yanayofanana kwa sura. Liko deni la kuonekana, na liko deni la kuhusiana. Deni la kuonekana humtaka mtu atoe mchango mkubwa kuliko wenziwe ili jina lake litajwe mbele ya watu. Deni la kuhusiana humtaka awepo. La kwanza halina kikomo, kwa kuwa macho ya watu hayashibi. La pili lina kipimo chake: jamaa wenye busara humjua mtu wao, hujua alicho nacho, na humwonea haya mwizi hata kama aliiba kwa ajili yao. Kijiji kilichofanywa jukwaa la kuonyesha mafanikio ya mjini kimegeuzwa ofisi ya pili, na hakiwezi kumwokoa mtu na ofisi ya kwanza. Hivyo lawama si ya watu wa Kurui. Ni ya namna ambayo msimamizi amewazoeza kumtazama.

Tena, jamaa hawadai fedha tu, huuliza pia. Kwa desturi ya Wazaramo mjomba ana neno zito kwa mpwa wake. Tuseme mzee wa namna hiyo ameketi na mpwa wake chini ya mwembe, akamwambia:

“Mpwa wangu, jumba hilo unalolisimamia mjini, wewe utakaa humo?”

“La, mjomba. Ni la maduka na maofisi.”

“Na mwenye mali atakaa humo?”

“Hata yeye hakai. Hukusanya pango tu.”

“Basi watakaokaa humo ni nani?”

“Wachuuzi, mjomba. Na makarani, na watu wanaoingia kununua.”

“Nao wana wajomba zao.”

Maswali kama haya hayamo katika mkataba. Mkataba hutaja mwenye mali na mkandarasi, hutaja tarehe na malipo. Haumtaji msichana wa duka la chini, wala mpita njia, wala mtoto wa jirani. Msimamizi huwajua watu hao kwa sababu moja tu, kwamba yeye mwenyewe ni mtu wa watu nje ya mkataba. Aliyewahi kukaa usiku kucha hospitali na mtoto mgonjwa ajua maana ya jina moja katika orodha ya waliokufa. Asiye na mtu atalisoma jina hilo kama tarakimu. Hii ndiyo maana nasema kuwa dhamiri ya kazi hufundishwa nje ya kazi. Chuo humfundisha mtu mzigo ambao nguzo yaweza kuuchukua. Nyumba humfundisha ni nani aliye chini ya nguzo.

Usije ukadhani kuwa kukataa na kusema kweli ni mambo ya ndoto. Mwaka 1977 ulikamilika mjini New York mnara wa benki ya Citicorp wenye ghorofa 59. Mwaka uliofuata mhandisi wake, William LeMessurier, aligundua kuwa viungo vya chuma vilivyofungwa kwa bolti badala ya kuchomelewa vilikuwa dhaifu kwa upepo mkali wa pembeni. Angaliweza kunyamaza, jengo lilikwisha kukabidhiwa, na jina lake lilikuwa kubwa. Akawaendea wenye jengo akawaambia. Mafundi walichomelea vipande vya chuma usiku kwa usiku, na mnara ungali umesimama. Katika kisa hiki mna doa pia, kwa kuwa watu wa mji hawakuelezwa hatari yenyewe, na jambo halikujulikana hadharani mpaka mwaka 1995. Hata hivyo chatuonyesha kuwa mtu aweza kuweka jina lake hatarini kwa ajili ya watu wasiomjua, na kwamba ukweli uliosemwa mapema una bei ndogo kuliko ule unaosemwa na kifusi.

Nimesema juu ya nyumba inayoisaidia kazi. Sasa sharti niseme juu ya kazi inayoiharibu nyumba, kwa sababu mlango ni mmoja na upepo hupita pande zote mbili. Msimamizi hodari amezoea kuliona kila jambo kuwa mradi. Mradi una mwanzo, una makisio, una ratiba, na una siku ya kukabidhi. Siku hiyo funguo hutolewa, mkono hupeanwa, na mtu huenda zake. Hii ni sifa njema ya mradi. Jirani na Kisarawe, huko Kibaha, ulianzishwa mradi wa namna hiyo kwa mkataba wa mwaka 1962 kati ya Tanganyika na nchi za kaskazini ya Ulaya. Ulikuwa na shule ya sekondari, kituo cha afya na mafunzo ya wakulima. Na mwezi wa Januari 1970 ulikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania. Wageni walifanya vema kukabidhi. Lakini angalia: kilichokabidhiwa ni mradi, kufundisha watoto na kuuguza wagonjwa hakukukabidhiwa wala hakukwisha. Asubuhi iliyofuata kengele ya shule ilitakiwa kulia kama kawaida.

Maisha ya nyumbani ni kengele hiyo. Hayana siku ya kukabidhi. Mtu akileta ratiba ya mradi nyumbani, atamwona mtoto kuwa kazi iliyochelewa, mke kuwa mkandarasi asiyetimiza masharti, na mama mzee kuwa gharama ambayo haikukisiwa. Atatuma fedha kwa simu siku ya msiba wa Kurui, tena fedha nyingi, na atashangaa kusikia kuwa watu wamenung'unika. Kwa hesabu yake amelipa. Kwa hesabu yao hakuja. Wote wawili wamehesabu sawasawa, ila wamehesabu vitu viwili.

Mwenye kutaka kuelewa tofauti hii aitazame nyumba ya zamani ya Pwani. Miti husimikwa, fito hufungwa, majirani huja kwa ujima kukandika udongo, na paa huezekwa makuti. Kwa macho ya msimamizi wa majengo nyumba hiyo ni mradi mbaya. Mvua ikipiga, kiwambaza humeguka. Baada ya miaka michache makuti huoza. Kazi yapaswa kurudiwa. Lakini kila inaporudiwa, majirani hurudi. Wanaokandika leo ni wana wa waliokandika zamani. Simaanishi kuwa tukatae bati na saruji turudie makuti. Anayevujiwa usiku hafurahii falsafa ya paa lake. Nasema tu kuwa nyumba ile ilijua jambo ambalo jengo la zege laweza kutusahaulisha: upendo ni kitu cha kukandikwa tena na tena, na hapana cheti cha kukamilika kinachotolewa juu yake.

Basi kila upande una sheria yake, na hekima ni kujua lipi la kuvusha mlangoni na lipi la kuliacha. Kutoka nyumbani mtu avushe kwenda kazini kumbukumbu ya watu, aache upendeleo. Kutoka kazini avushe kwenda nyumbani ukweli wa hesabu na utimizaji wa ahadi, aache haraka. Anayevusha upendeleo kwenda kazini atabomoa jengo, na anayevusha haraka kwenda nyumbani atabomoa nyumba.

Yabaki swali la mwisho, nalo ni la sifa. Kijana atasema: Hayo yote ni mema, lakini jengo langu litabaki na jina langu litabaki nalo. Kwa hili historia ya miji yetu yatufundisha upole. Mwaka 1971 sheria ilipitishwa Tanzania ya kuchukua majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Majumba mengi ya biashara ya Dar es Salaam yaliingia mikononi mwa Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 kazi za Msajili ziliunganishwa na za Shirika la Nyumba la Taifa. Sitaki hapa kuihukumu sheria hiyo. Wako walioiona kuwa haki na wako walioiona kuwa dhuluma. Nasema tu kuwa wenye majumba walibadilika na kuta hazikubadilika. Wapita njia wa leo hawajui ni nani aliyezijenga. Lakini kama ziliwekwa vibaya, wangejua.

Tukirudi nyuma zaidi, Kilwa Kisiwani kuna magofu ya Husuni Kubwa, jumba la mwanzoni mwa karne ya 14, la zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman. Lilikuwa na vyumba vingi, birika la pembe nane, na ua mpana uliozungukwa na vyumba vinavyodhaniwa kuwa maghala ya biashara. Wachunguzi wa mambo ya kale huamini kuwa jumba hilo halikupata kukamilika wala halikukaliwa muda mrefu. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaandika habari za sultani huyo. Alichokisifu zaidi kilikuwa ukarimu wake, uliomfanya aitwe baba wa vipawa. Akasimulia jinsi maskini mmoja kutoka Yemen alivyomwomba nguo alizovaa, naye akazivua akampa. Jumba la mawe limebaki gofu, na tendo la njiani, baada ya sala, lisilokuwa na michoro wala makisio, lasomwa mpaka leo.

Sitoi mfano huu ili kuidharau kazi ya kujenga. Pasipo wajenzi waaminifu soko litakuwa kaburi, na tumeona kuwa haya si maneno ya mfano tu. Nautoa ili kijana wa Kurui anayeingia chuoni mwaka huu asikubali kuambiwa kuwa ana lazima ya kuchagua kati ya kuwa mjenzi mkubwa na kuwa mtu mzima. Ajifunze hesabu za nguzo kwa bidii zote. Aheshimu siku 28 za zege hata mbele ya bwana mwenye fedha. Na kwa sababu hiyo hiyo, asiuze mikorosho ya mjomba wake, asiache kwenda matangani kwa miguu yake mwenyewe, asikope kwa ajili ya macho ya watu, na asiwasahau rafiki wanaomjua kwa jina la utotoni. Siku itafika ambapo mtu atamwekea karatasi mezani aitie sahihi, na kalamu itakuwa nzito. Atakachokuwa nacho nje ya chumba kile ndicho kitakachoamua kama ataiweka chini.